Anayemaliza Stima Si Yule Unayemshuku

Msomaji wangu, Jumapili hii nataka nianze kwa kukiri kosa. Mwezi wa Julai, mwezi ambao sisi wa Nairobi na viunga vyake hulala na soksi miguuni, tokeni za stima nyumbani kwangu zilianza kuisha kama maji kwenye ungo. Shilingi elfu tatu zilizokuwa zikitusukuma kwa karibu wiki tatu sasa zilikuwa hazivuki siku kumi. Usiku mmoja mita ikalia, taa zikazimika tukiwa mezani, baba watoto akanitazama, nami nikamtazama msichana wetu wa kazi.

Nilimwita jikoni. Nikamuuliza kama anapiga pasi usiku sisi tukiwa tumelala. Akasema, "Hapana, Mama." Nikamuuliza kama anaacha jiko la stima likiwaka. Akasema hapana. Nikamwambia, tena kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba mwezi ujao tokeni zikiisha mapema nitamkata mshahara. Akainamisha kichwa. Kisha akasema jambo moja ambalo sikulitilia maanani: "Mama, kule nyuma ya nyumba kuna bomba linadondoka, na maji yake ni moto." Nikamjibu kwamba tunazungumza habari za stima, si habari za mabomba.

Bomba hilo nitalirudia. Kwanza nikueleze nilivyojua ukweli, kwa sababu huenda hata kwako kuna mtu anayelaumiwa bure.

MITA HAIDANGANYI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baada ya kugombana kwa wiki mbili, mimi na baba watoto tuliamua kufungua daftari. Siku moja saa nne usiku tulizima kila kitu: taa, televisheni, hata friji. Tuliiacha hita ya maji pekee, ile yenye tangi la lita 50 iliyo juu ya bafu. Tukaandika uniti zilizobaki kwenye mita, tukalala. Saa kumi na moja alfajiri tukaamka na kusoma tena. Karibu uniti mbili zilikuwa zimekwenda, na hakuna aliyefungua bomba wala kupiga pasi.

Uniti mbili kwa saa saba ni kidogo, utasema. Lakini swichi ya hita yetu haikuwa ikizimwa mchana wala usiku. Kwa mwendo ule, siku nzima ni karibu uniti saba, na mwezi mzima ni uniti zaidi ya 200, kabla hata mtu hajanawa uso! Tuseme uniti moja, pamoja na kodi na ada zake, ni shilingi 30. Hesabu mwenyewe uone.

Ndipo nilipomwita fundi wa stima, naye akanifunza mambo ambayo leo nakugawia. Najua wasomaji wengi wanaojenga au kuhamia nyumba mpya huuliza wanunue hita gani. Swali hilo ni zuri, lakini kuna swali jingine linalolitangulia: ni nani atakayeiambia hita hiyo ichemshe lini, na ichemshe kiasi gani?

THEMOSTATI NI NINI?

Walio na jamaa Marekani au Uingereza wamewahi kusikia habari za kifaa kidogo ukutani kinachoamua joto la nyumba nzima. Huko majira ya baridi si mchezo, na familia hukipangia saa: nyumba ipate joto kabla ya watu kuamka, ipoe wakienda kazini, ipate joto tena wakirudi. Kifaa hicho huitwa themostati ya kupangwa. Sisi hatuna haja ya kupasha joto nyumba nzima. Blanketi na sweta vinatosha, hata Limuru. Lakini themostati tunazo, na wengi wetu hatujui ziliko. Iko ndani ya hita ya maji, nyuma ya kifuniko kidogo. Iko kwenye pasi, kwenye friji na kwenye ovena.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Zile za kawaida hutumia vyuma viwili tofauti vilivyoshikamanishwa. Vikipata joto kimoja hurefuka kuliko mwenzake, basi kipande chote hupinda na kukata stima. Maji yakipoa, kipande hunyooka na stima hurudi. Mskoti mmoja, Andrew Ure, alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1830. Baadaye, mwaka 1883, mwalimu mmoja wa chuo huko Wisconsin, Marekani, jina lake Warren Johnson, alipata hataza ya themostati ya stima ya vyumba. Alikuwa amechoshwa na mtunza jengo aliyekuwa akiingia darasani kila mara kuangalia kama kuna joto la kutosha, akikatiza masomo.

Lakini angalia, msomaji. Themostati ya kawaida inajua jambo moja tu, nalo ni joto. Haijui saa. Haijui kwamba ni saa nane usiku na watoto wamelala. Haijui kwamba mmekwenda ushago kwa wiki nzima. Maji yakipoa kidogo yenyewe inawasha, na itaendelea hivyo hadi mwisho wa dunia au mwisho wa tokeni. Ili ijue saa, inahitaji mwenzake, yaani saa ya kuwashia ambayo mafundi huiita taima. Siku hizi kuna vidhibiti vinavyounganisha vyote viwili katika kifaa kimoja, na ndivyo ninavyotaka uvielewe kabla ya kufungua mkoba.

HESABU YA TANGI MOJA

Tuchukue tangi kama langu, lita 50. Maji yanaingia yakiwa na nyuzi 18 na tunataka yafike nyuzi 60. Kazi hiyo inakula takriban uniti mbili na nusu. Hita yenye chuma cha kilowati tatu huimaliza kwa muda wa kama dakika 50. Ukiyachanganya maji hayo na ya baridi hadi yafae kuoga, nyuzi 40 hivi, unapata karibu lita 95. Hiyo ni kama ndoo tano za lita 20, pungufu kidogo. Familia ya watu watano isiyochezea maji inaoga na kumaliza.

Kwa hivyo hita inahitaji kufanya kazi chini ya saa moja kwa kila zamu ya kuoga. Saa zinazobaki tangi linavuja joto tu kupitia kuta zake. Tangi la ukubwa huo laweza kupoteza uniti moja hadi mbili kwa siku hata likiwa zima kabisa. Lenye kinga nene ya povu kati ya mabati yake hupoteza kidogo, na lile la bei ya chini lenye kinga nyembamba hupoteza zaidi. Ukilinunua, uliza unene wa kinga hiyo kabla ya kuuliza rangi.

Kuna waumini wa imani moja ambayo hata mimi niliishika kwa miaka: kwamba ni nafuu kuiacha hita ikiwaka siku nzima kuliko kuizima na kuanza upya. Sivyo. Fikiria sufuria ya chai. Ukiiacha mekoni kutwa ili wageni wa jioni waikute moto, utatumia makaa mengi kuliko ukiiteleka wanapobisha hodi. Maji yaliyopoa hayavuji joto kama maji ya moto, kwa hivyo kila saa tangi linapopoa likiwa limezimwa ni saa ya akiba.

Lakini nisikudanganye. Taima haikati gharama ya kuoga kwenyewe, inakata ile ya kungojea tu. Kama tayari una mazoea ya kuwasha swichi kabla ya kuoga na kuizima mara moja, taima itakuongezea raha zaidi ya akiba. Kama wewe ni msahaulifu kama sisi, itajilipia.

UNAPOKWENDA DUKANI

Kabla ya kutoka nyumbani, chukua karatasi uandike saa ambazo watu wako huoga. Fanya hivyo kwa wiki moja. Nyumbani kwangu watoto wa shule huoga kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, baba watoto saa mbili usiku, na Jumapili sote huchelewa kwa sababu tunakwenda ibada ya pili. Karatasi hii ndiyo itakayokuambia ununue nini. Kama siku zenu zote zinafanana, taima ya duara ya saa 24 inatosha. Kama wikendi ni tofauti na siku za kazi, tafuta ya tarakimu inayopangwa siku saba.

Pili, uliza ampea. Hapa ndipo nyumba huungua. Hita ya kilowati tatu kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta ampea 12 na nusu. Taima ndogo ya kuchomeka ukutani iliyoandikwa ampea 10 itayeyuka. Hata ile ya 13 inafanya kazi ikiwa ukingoni. Tafuta iliyoandikwa ampea 16 au 20 na ifungwe na fundi kwenye waya wa hita, si kuchomekwa kwenye soketi pamoja na redio.

Tatu, uliza itakuwaje stima ikipotea. Sote twajua hupotea. Taima ya duara isiyo na betri husimama stima inapokwenda na kuendelea inaporudi. Stima ikipotea saa mbili, maji yako yatachelewa saa mbili kila siku hadi uirekebishe. Yenye betri ya akiba ndani haina shida hiyo, na tofauti ya bei yafaa kulipwa.

Nne, zile za kuendeshwa kwa simu. Ni nzuri kwa anayesahau kuzima akiwa tayari kwenye matatu. Lakini muulize muuzaji: intaneti ikikatika, kifaa kitafuata ratiba niliyoipanga au kitanyamaza? Kama hajui, mwambie akiwashe akuonyeshe.

Tano, na hili msicheke, ni saa zenyewe. Vifaa hivi havijui saa za Kiswahili. Baba watoto alipofunga taima yetu, alitaka maji yawe tayari alfajiri, basi akaipanga kwenye 11, yaani saa kumi na moja. Siku tatu tulioga maji ya barafu, na siku tatu hita ilichemsha saa tano asubuhi nyumba ikiwa tupu! Saa kumi na moja alfajiri kwenye kifaa ni 5:00. Saa mbili usiku ni 20:00. Andika kwenye kijikaratasi ukibandike kando yake, ili atakayeigusa baada yako asikosee.

Mwisho, angalia alama ya ubora ya KEBS, na udai risiti yenye dhamana. Fundi naye akuonyeshe leseni yake. Mafundi wa stima nchini hupewa leseni na EPRA, na si utovu wa adabu kuuliza. Anayekasirika ukimuuliza, mwage kwa heri.

JOTO KIASI GANI?

Fundi wetu alipofungua kifuniko alikuta themostati imewekwa karibu nyuzi 75. Nani aliiweka hapo hatujui. Tulihamia tukaikuta. Kuna ubaya wa aina mbili. Wa kwanza ni wa mfuko: tangi la nyuzi 75 huvuja joto zaidi ya tangi la nyuzi 60 kwa zaidi ya theluthi moja. Wa pili ni wa kutisha. Maji ya nyuzi 60 yakimwagikia mtu mzima kwa sekunde tano hivi yaweza kumchoma vibaya, na ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi. Ya nyuzi 75 hayakupi hata nafasi ya kuruka.

Basi kwa nini tusiweke nyuzi 45 tu tupumzike? Kwa sababu maji ya vuguvugu ni kitalu cha vijidudu. Kuna bakteria waitwao legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu kwa mtu anayevuta mvuke wa maji yenye vijidudu hivyo. Wao hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na nyuzi 60 huwaua. Kwa hiyo weka tangi nyuzi 60, kisha changanya na maji ya baridi unapooga. Kama una watoto wadogo au mzee anayeoga peke yake, mwambie fundi wa mabomba akufungie vali ya kuchanganyia, ili yanayotoka bombani yasizidi kiwango cha kuogea. Tena usifungue kifuniko hicho mwenyewe. Stima ya hita huua, na bafuni kuna maji.

SHAWA NA SOLA

Wenye shawa za stima zinazochemsha maji yakipita wataniuliza mbona nimewasahau. Shawa hizo hazina tangi la kuvuja joto, kwa hivyo hazihitaji taima. Ya kilowati tano na nusu ikitumika dakika kumi hula kama uniti moja isiyotimia. Tatizo lake ni uwezo wa waya. Huvuta ampea 23 hivi, na haifai kuungwa kwenye waya wa soketi wala wa taa. Iwe na waya wake mnene kutoka kwenye bodi, swichi yake yenyewe, na waya wa ardhini unaofanya kazi kweli. Kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi, nunua iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, kwa kuwa chumvi hupitisha stima. Tena usibadilishe swichi ya joto iliyo juu yake maji yakiwa yanatiririka. Funga kwanza.

Wenye sola wana kosa lao. Tangi la sola nyingi lina chuma cha stima cha akiba kwa siku za mawingu. Chuma hicho kikiachwa kikiwaka usiku kucha, jua likitoka asubuhi hukuta maji yamekwisha kuchemka, nalo halina kazi. Umenunua jua kisha unalipia stima! Kwa sola, taima ipangwe jioni, baada ya jua kumaliza kazi yake, na ifanye kazi siku za mawingu tu.

LILE BOMBA

Sasa nirudi nyuma ya nyumba. Kila hita ya tangi ina vali ya usalama, kwa kuwa maji yakipata joto hutanuka na lazima yapate pa kutokea. Yetu ilikuwa imechakaa, na kwa ule ukali wa nyuzi 75 ilikuwa haifungi tena. Maji yaliyochemshwa kwa pesa zetu yalikuwa yakitiririka kupitia kijibomba hadi kwenye mtaro, usiku na mchana. Mahali yalipodondokea palikuwa pameota kijani kibichi. Fundi alipanyoshea kidole, akaniuliza, "Hakuna aliyeona hapa?"

Aliyeona alikuwa amesimama mlangoni akiwa amembeba mtoto wangu wa mwisho. Aliona, akagusa maji, akajua ni moto, akaniambia. Mimi ndiye sikusikia, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamua mwizi ni nani.

Vali mpya, themostati kushushwa hadi 60 na taima ya siku saba viligharimu chini ya nilivyokuwa nimepoteza kwa miezi miwili. Tokeni zimerudi kwenye wiki tatu zake, na mwezi uliofuata zikapita kidogo. Jioni ile ile nilimwita msichana sebuleni, mbele ya baba watoto na watoto, kwa kuwa nilimgombeza mbele yao, nikamwomba msamaha. Alisema, "Haidhuru, Mama." Najua ilidhuru. Siku hizi akiniambia kuna kitu kinadondoka, natoka nje kwenda kuona.

Leo usiku, msomaji wangu, kabla ya kulala, zima kila kitu isipokuwa hita, uandike tarakimu za mita. Asubuhi zisome tena. Kama zimepungua sana, zunguka nyuma ya nyumba uguse lile bomba, lakini kwa uangalifu, na ukikuta linatiririka maji moto, zima swichi ya hita umwite fundi. Kisha, kama kuna uliyemshuku, unajua la kufanya.

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia maji moto na nyumba yenye amani.